Neno "Askofu" na Maana ya Kanisa la Kiaskofu

Ndugu zangu, tuanze na neno lenyewe. Wagiriki walisema episkopos: epi ni "juu ya", skopos ni "mwenye kutazama". Kiarabu hakina sauti ya p, neno likawa usquf. Kiswahili kikapokea askofu. Linganisheni s-k-p na s-k-f, mtaona ni neno lile lile.

Sasa fungueni Matendo 20. Mstari wa 17, Paulo yuko Mileto, anawaita wazee wa kanisa la Efeso. Mstari wa 28, watu hao hao anawaambia wamewekwa kuwa "waangalizi". Neno hilo kwa Kigiriki ndilo lile ambalo Wafilipi 1:1, katika Biblia yetu ya Union, limetafsiriwa "maaskofu". Anayesoma Kiswahili peke yake hawezi kuligundua, na ni hasara kubwa, maana mzozo wote, kama mzee na askofu ni huduma moja au mbili, umelala hapo. Wapresbiteri, kama PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) ya Kenya, hushikilia kwamba ni huduma moja. Upande wa pili, wanaomtenga askofu na mzee, hujibu kwa barua za Ignatio wa Antiokia, za mwanzoni mwa karne ya 2: humo askofu ni mmoja, wazee na mashemasi wako chini yake.

Basi kanisa la kiaskofu ni lipi? Cheo peke yake hakitoshi. Mwenye kusanyiko moja akiitwa askofu, huo bado si utawala wa kiaskofu. Ulizeni nani humwekea kasisi mikono, na nani humpa kibali cha kuhudumu. Kwa Waanglikana, yote mawili ni ya askofu wa dayosisi. Naye hajiweki: Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulitaka maaskofu wanaomweka mwenzao wasipungue watatu.

Kanuni hiyo iliwabana Waanglikana wa Marekani baada ya uhuru. Samuel Seabury, kasisi wao, alikwenda Uingereza kuwekwa wakfu kuwa askofu, sheria ikamdai kiapo cha utii kwa mfalme. Raia wa nchi iliyojitenga angeapaje? Akapanda Scotland, na tarehe 14 Novemba 1784, mjini Aberdeen, maaskofu watatu wakamwekea mikono.

Kanisa lao ndilo Kanisa la Episkopali. Hapa watafsiri huteleza sana: wakikuta sifa ya Kiingereza "episcopal" popote, huandika "Episkopali". Ikiwa ni jina la kanisa, sawa. Ikiwa ni mfumo, andikeni "kiaskofu", kwani Wakatoliki na Waorthodoksi nao huongozwa hivyo, wala si Waepiskopali.