Betty Davis: Santuri ya 1973

Mabibi na mabwana, nashukuru kwa kunialika. Kasha hili la santuri naomba mlipokezane taratibu mpaka lifike nyuma. Mtamwona mwanamke mwenye nywele za afro, kaptula fupi na buti za rangi ya fedha zilizopanda mpaka mapajani. Anacheka. Huyo ndiye Betty Davis, mwimbaji wa Marekani, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza.

Wengi wakimtaja huanza na mume, Miles Davis, gwiji wa tarumbeta. Walioana 1968, na ndoa ikadumu kama mwaka mmoja. Sura ya Betty ndiyo iliyopamba jalada la santuri ya Miles yenye jina la mlima wetu, Filles de Kilimanjaro, na ni Betty aliyemvuta Miles kwenye muziki wa mpiga gitaa Jimi Hendrix na mwimbaji Sly Stone. Lakini mwaka mmoja kabla ya harusi, kundi la Chambers Brothers lilikuwa limesharekodi wimbo wake kuhusu Harlem, mtaa wa New York. Betty alikuwa mtunzi kabla hajawa mke wa mtu.

Nyimbo za albamu hii ni 8, na zote katunga mwenyewe. Walirekodi San Francisco. Greg Errico, aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya Sly and the Family Stone, aliisimamia kazi. Larry Graham akashika gitaa la besi. Na miongoni mwa waitikiaji wamo kina dada wa kundi la Pointer Sisters. Wanamuziki wazito, na hakuna hata mmoja anayemfunika.

Nataka tukae kidogo na "Anti Love Song". Besi ya Graham inatembea polepole, nzito, inaacha mapengo. Betty anaingia kwenye mapengo hayo karibu kwa kunong'ona. Anamwambia mwanamume kwamba hataki kumpenda, maana anajua akimpenda, mwanamume huyo atamtawala. Ungedhani ni mnyonge anayekimbia. Halafu anaigeuza kauli: na wewe unajua nami ningekufanya nini! Hapo mnyonge hayupo tena. Mimi kila nikifika hapo husimamisha kazi yoyote niliyoshika.

Wapo wanaosema hakujua kuimba. Sikubaliani nao kabisa. Sauti yake inakwaruza, inafoka, inaguna, kwa sababu anaitumia kama ngoma na gitaa, siyo kama asali ya kupaka juu ya muziki. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, kiliupinga "If I'm in Luck I Might Get Picked Up", wimbo wa mwanamke anayetoka usiku akijua anachokitaka. Albamu haikuuzika sana. Ilitolewa upya 2007, na Betty alifariki Februari 2022, akiwa ameiona ikipata wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa alipoirekodi.

Wimbo huo uliopingwa ndio unaofungua santuri. Fundi mitambo, tafadhali, upande wa kwanza. Na sauti usiibane.