Tuifuate Pakiti Moja: NAT Kwenye Ukuta wa Moto

Ndugu wasikilizaji, leo tutafuata pakiti moja tu, yaani kipande kimoja cha data kinachosafiri mtandaoni. Ukishaona inavyobadilishwa njiani, mipangilio ya NAT, yaani kubadilisha anwani za pakiti njiani, haikutishi tena.

Kompyuta yenye anwani 192.168.1.20 inaomba ukurasa kwenye seva iliyoko intaneti. Anwani za aina hiyo zilitengwa mwaka 1994 kwa mitandao binafsi, na ruta za intaneti hazizipitishi. Kwa hiyo ukuta wa moto (firewall), mlinzi aliye kati ya mtandao wako na intaneti, unaiondoa anwani ya mtumaji, unaweka yake ya nje, tuseme 203.0.113.5, unachagua namba ya poti, yaani mlango wa mazungumzo hayo kwenye anwani hiyo, na kuandika yote kwenye jedwali lake. Jibu likirudi kwenye poti ile, jedwali linaonyesha ni la nani. Ndivyo mamia ya kompyuta yanavyotoka kwa anwani moja. Upande huu hausumbui sana.

Kinachosumbua ni kuingia. Una seva ya ndani, 192.168.1.50, unataka watu wa nje waifikie kwa poti 443. Unaandika kanuni ya kubadilisha anwani ya mwisho wa safari, unahifadhi, unajaribu: kimya. Wengi hapo huifuta na kuiandika upya, kumbe haina kosa. Kubadilisha anwani ni jambo moja, kuruhusu pakiti ipite ni jambo jingine, na ruhusa mara nyingi huandikwa peke yake. Wapo wanaochoka wakafungulia kila kitu kutoka nje. Nawasihi, msifanye hivyo.

Je, ruhusa itaje anwani ipi? Inategemea mashine inaanza na lipi, kubadilisha au kuruhusu. Linux hubadilisha anwani ya mwisho wa safari kabla ya kuchuja pakiti, hivyo ruhusa hutaja 192.168.1.50. Kuta za moto za Palo Alto hutaka anwani ya awali, 203.0.113.5, lakini kanda, yaani sehemu ya mtandao inayotajwa kwenye ruhusa, iwe ile iliyo na seva. Someni mwongozo wa mashine yenu kabla ya kuandika chochote.

Na jaribuni mkiwa nje. Ukiwa mtandao uleule na seva, ombi lako linazunguka ukutani, lakini seva inakujibu moja kwa moja kwa 192.168.1.50. Kompyuta yako ilikuwa inazungumza na 203.0.113.5, basi inalitupa jibu hilo. Dawa ni kubadilisha na anwani ya mtumaji pia, ili jibu lirudi kupitia ukutani, au DNS ya ndani, huduma inayogeuza jina la seva kuwa anwani, itoe anwani ya ndani. Mimi huchagua DNS, maana kumbukumbu za seva hubaki na anwani halisi ya aliyeingia.