Paka wako hanyonyoki, anajinyonyoa

Salaam aleikum jamani, wale mlioko mlangoni sogeeni, viti vipo. Naona kuna mtu kaja na mgonjwa wake ndani ya kapu, sawa, tutamuona tukimaliza.

Wengi mkinijia mnasema dokta, paka wangu manyoya yanadondoka yenyewe. Mara nyingi sio kweli, anayatoa yeye. Ulimi wa paka una vimiba vidogo vimelala kuelekea nyuma, ni kama msasa, sasa paka anayewashwa sio kama mbwa ajikune mbele za watu, yeye anaingia uvunguni usiku analamba tumbo na mapaja mpaka ngozi inabaki tupu, asubuhi wewe unaona upara tu. Pitisha kidole pale kinyume na manyoya, ukisikia vinachomachoma kama ndevu zilizonyolewa juzi basi ujue yamekatwa na ulimi.

Kwa hiyo usiniulize nimpake nini, niulize anawashwa na nini. Na kwa joto la Tanga hili na unyevu wa bahari, mimi wa kwanza kumshuku ni kiroboto. Mtanibisha, najua, kila mtu paka wake hana kiroboto hata mmoja! Kinachomuwasha ni aleji ya mate ya kiroboto, paka mwenye nayo aking'atwa mara moja mbili tu anawashwa siku kadhaa, na kiroboto mwenyewe kashalambwa kashamezwa, utamuonea wapi? Chukua kitana cha chawa, mchane mgongoni karibu na mkia, vile vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa viweke kwenye tishu nyeupe utie tone la maji, ikitoka rangi ya kutu hiyo ni damu, ni kinyesi cha kiroboto. Mpapase na shingoni, unaweza kukuta vigaga vidogo vidogo kama mchanga.

Na kiroboto sio wa waja leo waondoka leo, akija kaja. Wale wakubwa walioko juu ya paka ni kama asilimia 5 tu ya ukoo wote, waliobaki ni mayai na mabuu wako kwenye mkeka, kwenye godoro, kwenye nyufa za sakafu, na aliyejifunga kwenye kifuko chake anaweza kukaa miezi anasubiri tu mtu apite. Ndo maana unatibu mara moja, baada ya wiki mbili palepale, unalaumu dawa. Watibu paka wote wa nyumba, mfululizo miezi kadhaa, mikeka juani, mashuka maji ya moto.

Ila hiyo dawa, jamani, hapa nitafoka kidogo. Niliwahi kuletewa paka anatetemeka mwili mzima, kapakwa dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuulia wadudu, mbwa anaivumilia, ini la paka haliwezi kuivunja, inamuua. Mafuta ya taa, oili chafu, na ile dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, zote acheni, paka ukimpaka kitu umemlisha, si atajilamba?

Upara ukiwa wa duara, una magamba, na mtoto wa nyumbani naye ana mapunye, hiyo sio aleji, ni fangasi, wanaambukizana, watibiwe wote.

Sasa chakula. Hapa mtacheka, maana samaki ni miongoni mwa vitu vinavyowapa paka aleji mara nyingi, pamoja na ng'ombe na kuku. Eti mbona anakula dagaa tangu mdogo? Ndio hivyo, mwili unachukia kile unachokizoea. Kipimo cha damu hapa hakitusaidii, tunampa nyama moja ambayo hajawahi kuila, mfano sungura, wiki 8, hiyo tu, na ni jaribio sio chakula cha maisha. Kazi ni majirani, paka wa mitaa ya Ngamiani hapa Tanga ana nyumba 4, kwako anafunga, kwa mama muuza samaki anafuturu, jaribio limekufa.

Bibi yangu pale mbele anauliza, je pweza, maana si samaki? Hapana bibi, hizo wiki 8 na pweza ule mwenyewe. Haya, lete hilo kapu.