Tajiri wa Giza

Mhadhara kwa wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Mwanga, Kigoma

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kabla hamjanisalimu.

Mwenyekiti alinipigia simu akasema, "Bibi, njoo utuambie: mtu mzima akitaka kuoa au kuolewa tena, atafute mwenye mali au atafute mapenzi?" Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, na mtoto akiniletea swali la "au" huwa namrudishia daftari. Lakini nauli mmelipa, nimekuja.

Tuanze na mali, maana ndiyo iliyojaza ukumbi huu. Sisi watu wa ziwani tunaijua tabia yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikishika, mitumbwi inalala Kibirizi, na bwana aliyekuwa akinunulia watu soda kreti zima, leo anakopa sigara moja moja. Mwaka 2024 Serikali ilipopumzisha uvuvi ziwani, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ndipo tulipowajua matajiri wetu. Wengine walikuwa na akiba. Wengine walikuwa na mdomo. Kwa hiyo mama, ukiletewa posa ya bwana mwenye mitumbwi minne, muulize huyo mshenga: umemwona kwenye giza tu, au na mbalamwezi umemwona?

Halafu, mali ya mtu wa miaka hamsini na kitu haikai peke yake. Ina watoto, ina mama wa hao watoto, ina deni la benki, ina kaka zake huko Kasulu wanaosema shamba la michikichi ni la baba yao wote. Mkioana vijana mnaanza na godoro na jiko la mkaa. Kitakachopatikana mmekihangaikia wote. Mzee unamkuta keshajenga. Watu wanadhani cheti cha ndoa ni ufunguo wa nyumba hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema kuoana hakubadilishi umiliki: chake kinabaki chake, chako chako. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa isiuzwe wala isiwekwe rehani bila ridhaa yako. Ni ulinzi mkubwa, msiudharau. Lakini kuzuia nyumba isiuzwe ni jambo moja, kuimiliki ni jambo jingine.

Toeni kalamu. Kwa mirathi ya Kiislamu, mume akifa ameacha watoto, mke hupata thumuni, yaani 1/8. Wake wakiwa wanne, ni thumuni ileile wanagawana. Tuseme tajiri ameacha shilingi milioni 64, madeni yote yameshalipwa. Thumuni yake ni milioni 8. Gawa kwa wanne. Milioni 2! Umemkanda miguu miaka kumi, umevumilia mawifi, unaondoka na pesa ambayo kikundi hiki kingekukopesha. (Kicheko.) Na akikuahidi wasia, mwambie mrithi haachiwi wasia mpaka warithi wenzake waridhie. Nanyi Wakristo msicheke sana, kwenu ugomvi unaanza matanga hayajaanuliwa.

Sasa msidhani nawasukuma kwenye mapenzi matupu. Yule anayekuambia "mimi sitaki mali, nataka moyo wako," na wewe una nyumba ya vyumba sita, vitatu umepangisha, huyo naye ametafuta tajiri. Amempata, ni wewe. Na hapa ndipo wanaponasa wengi, wake kwa waume. Kifungu cha 114 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinasema nyumba uliyokuwa nayo kabla ya ndoa, mwenzio akiiendeleza kwa kiasi kikubwa, inaweza kuingizwa kwenye mgawanyo mkiachana. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea nayo ni mchango. Kwa hiyo mume akikupigia lipu, akabadilisha bati, usimchekee tu kama bibi harusi. Andikeni. Nani katoa nini, lini, risiti iko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wakati huo hata benki hazikuwapo.

Mtaniambia, bibi, ukimuuliza mchumba habari za pesa atakuona una tamaa. Mimi naona kinyume. Mtu wa miaka hamsini anayekasirika ukimuuliza ana madeni kiasi gani, jibu amekwisha kukupa.

Waislamu mnaijua habari ya Bibi Khadija. Katika masimulizi mashuhuri alikuwa na miaka 40, Mtume alikuwa na 25, na mwenye mali alikuwa mwanamke. Tunaisimulia sana kwenye harusi, lakini tunaruka mwanzo wake. Kabla ya posa kulikuwa na mzigo. Alimkabidhi bidhaa azipeleke Sham, yaani upande wa Syria, akamtuma na mtumishi wake, Maysara. Waliporudi, Maysara alimweleza aliyoyaona njiani. Posa ikafuata baada ya hapo, na aliyeianzisha ni yeye mwanamke. Sasa niambieni, hapo alitafuta mali au mapenzi? Mnaona kwa nini swali la "au" huwa nalikataa.

Mimi nilifiwa na miaka 43. Mchumba wa kwanza alikuja na gari jeupe, ndugu zangu wakafurahi mpaka wakachinja. Gari lilikuwa la shemeji yake. Sitasema zaidi, ana wajukuu hapa mjini.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, kibarazani, cherehani yenyewe ya kukodi. Dada zangu walinuna. Sikubishana nao. Wakati ule nilikuwa nikiuza dagaa Tabora, nikamwomba anipelekee magunia mawili kwa treni. Sikumwambia kwamba mama mteja wangu kule alikuwa ameshanijulisha bei kamili.

Alirudi siku ya nne. Akaweka bahasha mezani, hata kukaa hajakaa.

"Mwalimu," akasema, "humo imepungua elfu nne. Nilikununulia asali ya Tabora."

Nikamuuliza asali iko wapi.

"Treni ilikwama Uvinza," akasema. "Nimeilamba."