Mita Moja ya Mraba

Walimu wenzangu, wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua naanzia wapi. Ndiyo, natetea tena kuwatoa watoto nje wajifunze kwa kutenda, na mfano wangu ni ile ile mita ya mraba. Nivumilieni.

Nilikuwa na darasa la tano. Maswali ya eneo walikuwa wakiyamaliza kabla sijakaa: urefu mara upana, vema, vema. Siku moja nikauliza kwa mdomo tu: mita moja ya mraba wanaenea wanafunzi wangapi wakisimama? Mmoja akasema 50. Mwingine, ambaye hajawahi kukosa swali la eneo, akasema wawili.

Tukatoka na chaki, kamba na rula ya mita. Kuchora mraba peke yake kulikula dakika 20, maana pembe zilikataa: pande zote nne mita moja moja, lakini umbo limelala upande kama mkeka uliovutwa. Binti mmoja akapima kona kwa kona, akakuta vipimo viwili havilingani. Sikuwa nimemfundisha hilo. Wakavuta, wakafuta, wakachora upya, kisha wakaanza kuingia. Walibanana, wakashikana mabega, wakafika 12. Wa 13 aliponyanyua mguu, wote chini!

Nikauliza, humo ndani mna sentimita za mraba ngapi? "Mia!" Darasa zima. Nikawagawia kadi za sentimita 10 kwa 10. Wakapanga mistari 10, kila mstari kadi 10, na kadi moja tu ina sentimita za mraba 100. Kimya. Yule wa "wawili" akanong'ona, "Elfu kumi." Halafu akainama kuzihesabu kadi upya, hakuniamini mimi wala nafsi yake.

Namwona mtu pale nyuma anatikisa kichwa: silabasi haitaisha. Ya mwaka jana iliisha? Iliisha kwako. Kwa watoto je? Mwingine atasema watacheza tu. Watacheza, ukiwatoa bila swali. Hayo ni matembezi, wala siyatetei. Mtoto atoke akiwa ameshakisia jibu na kuliandika daftarini, ili huko nje akutane na kosa lake uso kwa uso. Na wale wanaoita kujifunza kwa kutenda mtindo wa siku hizi, John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule yake Chicago mwaka 1896. Watoto wakapika, wakafuma, wakachonga mbao, hesabu na sayansi zikitokea humo humo. Siku hizi gani hizo?

Nilitaka kuwaeleza pia habari za haragwe lililogeuzwa kichwa chini, mzizi wake unavyojipinda wenyewe kuelekea chini, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Basi otesheni wenyewe, gilasi na karatasi yenye unyevu vinatosha. Zoezi la kupima kivuli cha fimbo tunaliruka. Usalama: hesabu watoto mkitoka, wahesabu mkirudi. Tathmini... hapana, hiyo ina siku yake.

Kamba ninayo, iko hapa mezani. Anayebisha kuhusu wale 12 tukutane uwanjani wakati wa mapumziko, ingawa kwa miili yetu hii sidhani kama tutafika hata wanane.