"Yangu macho" kwa Kiingereza unasemaje?

Asalaam aleikum, wapenzi wangu. Wagosi hamjambo? Mashoga zangu wa Makorora, Chumbageni, na nyie wa Muheza na Pangani, nawasalimu. Leo niko jikoni kwangu hapa Leicester, mvua toka alfajiri, kwa hiyo msinicheke nikijifunga kanga juu ya sweta.

Nina kesi ya binti wa kaka yangu. Anahudumia mezani kwenye hoteli moja huko Raskazone, na wageni siku hizi hawaishi kumuuliza habari za bomba la mafuta. Lile la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani kwetu. Sasa asubuhi moja mgeni anakula chapati zake, akamuuliza, "What do you think about the pipeline?" Meza ya pili kuna mwingine katega sikio, naye kaja Tanga kwa kazi ya bomba hilohilo. Mtoto wa watu ana birika mkononi. Akajibu, "I don't care." Meza zote mbili kimya. Usiku kaniandikia: "Shangazi, nimekosea wapi? Mie nilitaka kusema sina neno."

Mamangu, "sina neno" na "sijali" ni mbingu na ardhi, na kwa Kiingereza ni hivyohivyo. "I don't mind" ndiyo sina neno, lolote sawa. "I don't care" ni potelea mbali. Ukiulizwa chai au kahawa, sema "I don't mind", wala hujamkosea mtu. Waingereza wenyewe husema pia "I'm easy", lakini hiyo wasichana muwe nayo macho, maana neno hilohilo hutumika kumsema mwanamke asiyetulia.

Msidhani nacheka kwa kuwa najua. Mimi nilianza kazi huku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wenzangu wawili wakagombania zamu za Krismasi, kelele mpaka jikoni. Msimamizi akaniita pembeni, ananiuliza nani mwenye haki. Mimi na utanga wangu nikatafsiri moja kwa moja: "For me, only eyes." Yangu macho! Akaniangalia kwa huruma. Kesho yake kaniletea karatasi, kaniandikia duka la miwani liko mtaa gani. Wallahi tena.

Nimekaa miaka ndiyo nikaelewa tunapopishana. Sisi tukitaka kukwepa tunahama mada. Nakumbuka baraza ya kahawa pale Ngamiani, watu wanabishana mirathi ya jirani, mzee mmoja akaulizwa, "Na wewe wasemaje?" Akapuliza kikombe, akanywa funda moja, akasema, "Kahawa ya leo imekolea tangawizi." Basi. Kila mtu akaelewa kuwa hasemi, na wengine wakaelewa mpaka anamuunga mkono nani. Mwingereza ukimfanyia hivyo ataona hujasikia swali, atakuuliza tena kwa sauti kubwa. Yeye anataka umtamkie kwamba hutasema. Ukishamtamkia, anakuacha.

Kwa ule ugomvi wa zamu nilitakiwa niseme "I'd rather stay out of it." Ndiyo "mimi simo" yetu, imevaa koti tu. Na kama kweli hujaamua, wana "I'm on the fence", yaani nimekaa juu ya ua, sijashukia upande wowote. Niliposikia hiyo nilicheka peke yangu kwenye basi. Ua upi huo wa kukalia? Kwetu ni makuti, utaanguka nao, au ni michongoma, na kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma!

"No comment" iacheni. Maneno mawili tu, rahisi kukariri, lakini yananuka kituo cha polisi. Ndiyo jibu la mtuhumiwa anayehojiwa. Huku ana haki ya kunyamaza, ila tangu sheria ya mwaka 1994 mahakama inaweza kuuhesabu ukimya huo dhidi yake. Sasa wewe umeulizwa kuhusu gauni la harusi, unajibu kama umeiba ng'ombe. Ile ya "I plead the Fifth" ndiyo kabisa, ni ya Wamarekani, inatokana na marekebisho ya tano ya katiba yao, ya mwaka 1791, yanayompa mtu haki ya kutojitia hatiani mwenyewe. Kwa utani sawa.

Inayonikera mimi ni "interesting", yaani eti inavutia. Niliwahi kupeleka kazini dagaa wa kukaanga, wakavu, na macho yao wananitazama. Mwenzangu akaonja mmoja, akatafuna polepole, akasema, "Oh, that's interesting." Nikafurahi! Wiki iliyofuata nikaleta bakuli la pili, kubwa zaidi, na pilipili juu. Maskini, akala wawili kwa adabu. Nilikuja kuambiwa na Mkenya mmoja kwamba pale nilikuwa nimeambiwa "hapana", mara mbili.

Aliyenifundisha kukataa vizuri ni bibi mmoja pale pale kazini. Mwaka 2016, kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, watu hawasalimiani. Hata sisi Watanzania tunaoishi huku tuliruhusiwa kupiga, kwa kuwa nchi yetu imo Jumuiya ya Madola. Matokeo yakaja asilimia 51.9 kwa 48.1, mbichi na mbivu karibu nusu kwa nusu, na kila mtu anamchunguza mwenzake. Bibi akiulizwa, anatabasamu, anapanga karata zake: "That's between me and the ballot box, dear." Yaani, hiyo siri yangu na sanduku la kura, mpenzi. Hakuna aliyemuuliza mara ya pili, na hakuna aliyekasirika.

Sasa wewe, mwanangu wa Raskazone. Usiseme bomba zuri, usiseme baya, una kazi ya kulinda na birika la moto mkononi. Sema hivi: "I'm not the right person to ask, I'm afraid." Yaani, mimi si wa kuulizwa hayo. Hiyo "I'm afraid" si kuogopa, ni "samahani" yao. Halafu haraka: "More tea?" Hapo unaruhusiwa kuhama mada, umeshamtamkia.

Coastal au African Sports, timu zetu za mpira za Tanga, hilo mimi silikwepi hata kwa Kichina. Coastal! Mabingwa wa nchi 1988, watoto hamkuwepo.

Na yule aliyeniuliza wiki iliyopita mbona nimenenepa hivi: dada, that's an interesting question.