Utando wa sabuni juu ya maji: jaribio la sahani mbili

Karibuni tena jamani. Leo tunaangalia sabuni inavyotanda juu ya maji laini na juu ya maji magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi. Nipo jikoni, Kirumba hapa Mwanza, na dirisha nimelifunga makusudi. Mchana upepo wa ziwa unaingia hadi chumbani, na sisi tunataka maji yaliyotulia tuli. Ukiweza, fanya asubuhi.

Kazi inaanza jana yake. Chukua chaki za ubaoni, kisha idondoshee moja siki. Ikichemka mapovu, iache, hiyo ni kaboneti na haiyeyuki kwenye maji. Tunataka chaki ya jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Twanga mbili, koroga kwenye lita 1 ya maji ya mvua, zilale usiku kucha. Asubuhi mimina taratibu yale maji maangavu ya juu, tope libaki chini. Hayo ndiyo maji yetu magumu. Maji laini ni ya mvua yenyewe. Ya ziwani nayo yanafaa, kwa sababu Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutoka mvua, kalsiamu yake ni kidogo. Ndiyo maana ukifua pale ufukweni povu linakuja haraka.

Sasa sabuni. Kwangua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya mche, yeyusha kwenye kikombe cha maji ya mvua ya moto, acha ipoe. Si sabuni ya unga! Mara ya kwanza niliitumia hiyo, nikakaa nusu saa naikodolea sahani macho, hakuna kitu. Ile imetengenezwa hasa isigande kwenye maji magumu.

Weka sahani mbili nyeusi za plastiki, umezisuuza kwa maji ya moto. Usiguse maji kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kila kitu. Kushoto maji ya mvua, kulia maji ya jasi. Nyunyiza poda ya mtoto kidogo tu, kama vumbi.

Kwa bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha tone moja la sabuni katikati ya sahani ya kushoto. Umeona poda ilivyokimbilia pembeni? Hapo katikati si patupu, pametandazwa sabuni. Molekuli zake zimesimama: kichwa kimezama majini, mkia wa mafuta uko hewani. Tabaka moja la asidi ya steariki, mojawapo ya asidi za mafuta zinazotengeneza sabuni, lina unene wa nanomita 2.5 hivi. Yapange 400,000 ndipo ufikishe milimita moja.

Haya, kulia. Tone moja... poda inasogea, halafu angalia tone lenyewe: linapauka. Ongeza, yafike kumi. Sogeza kamera karibu hapa. Ile ngozi nyeupe inayotanda haikuwepo kushoto, na sabuni ni ileile.

Sasa kata ukanda wa plastiki kwenye chupa ya maji, ulaze ukigusa uso wa maji, usukume utando polepole upande mmoja. Kushoto poda inateleza, ukirudisha ukanda nayo inarudi. Kulia utando unakunjamana kama malai ya maziwa yaliyopoa, na ukirudisha ukanda mikunjo inabaki. Hapa ndipo ninapopapenda. Mjerumani Agnes Pockels alikuwa akisukuma utando hivihivi kwa ukanda wa bati, nyumbani kwake, na barua yake ikachapishwa na jarida la Nature mwaka 1891.

Kwa nini kulia kumekaza? Kichwa cha sabuni kina chaji hasi. Sodiamu iliyokuja na sabuni ina chaji chanya moja, inazurura jirani na vichwa bila kuvifunga. Kalsiamu ina mbili, basi inashika vichwa viwili kwa mpigo, kama mama anayevusha watoto wawili Barabara ya Kenyatta, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Mikia inabanana na kitu kizima hakiyeyuki tena. Bariamu, metali jamaa ya kalsiamu, nayo ina chaji mbili. Mwaka 1938 Katharine Blodgett wa Marekani alipanga juu ya kioo tabaka 44 za asidi ya mafuta iliyoshikwa na bariamu, kioo kikaacha kurudisha mwanga.

Kuna atakayesema tukamulie limau utando uondoke. Kamulia uone: hauondoki. Asidi inampa kila kichwa haidrojeni, chaji hasi inapotea, kalsiamu inaachia. Lakini asidi ya mafuta iliyobaki nayo haiyeyuki, inaelea palepale. Kwa hiyo sahani hii isugue kwa sabuni ya unga na maji ya moto, na maji yake uyamwage shimoni, si ziwani.